Barua kwa mwanangu: mfagiaji anaposema "ni haki yake"

Mama,

Swali lako la Jumapili nimelisoma nikalirudia, na sikutaka kulijibu kwa simu kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi. Umesema mwezi huu umepewa kazi ya kuandaa mishahara ya ofisi nzima, ukaona kwa macho yako kwamba anachopokea mkurugenzi kwa mwezi mmoja, mama anayefagia korido zenu atakifikisha baada ya miaka mitatu. Usingizi ukakata. Kesho yake ukawauliza wafagiaji, kiutani utani, kama wanaona ni sawa. Wakakujibu, "Ni haki yake dada, amesoma." Ndipo ukaniuliza: Baba, watu wanafikaje mahali pa kuona pengo kama hili ni haki? Na je, ninyamaze?

Nianze na la kwanza, la pili nitalifikia.

Kabla sijakujibu, hebu na mimi nikuulize. Aliyewauliza hao kina mama ni nani? Ni wewe, mtu wa utumishi, una kitambulisho shingoni, na siku watu wa usafi wakipunguzwa ni wewe utakayeandika majina. Ulitegemea wakwambie nini? Hapa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, tajiri mwenye mtumbwi akiwa amesimama na mikono mfukoni, kila mvuvi ameridhika na mgao. Akishapanda pikipiki akaondoka, maneno yanageuka. Kwa hiyo lile "ni haki yake" lipunguze kidogo kabla hujalifanyia hesabu. Sehemu yake ni woga, na sehemu nyingine ni ile "utafanyaje" yetu ya kila siku, ambayo mtu huisema akiwa amechoka, si akiwa ameridhika.

Lakini usilifute lote. Nimewasikia watu wakilisema hata pasipo na bosi wala mtoto wa bosi, tena wakimtetea mwenye nacho kuliko anavyoweza kujitetea mwenyewe. Hao ndio unaowauliza, na hao nawajua vizuri kwa sababu nakaa nao kila asubuhi ya giza.

Unajua tangu nistaafu namshikia daftari jirani yetu mwenye mitumbwi ya dagaa. Wakati wa giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa na mbalamwezi ikiwa kali hakuna wa kuwafuata, mitumbwi inaingia hapa Igombe kutoka Ziwa Victoria kabla jua halijachomoza vizuri. Kina mama wa kuanika wako tayari na ndoo zao, wanabishana bei huku maji yakiwa magotini. Dagaa wanapimwa kwa ndoo, hela inaletwa kwangu chini ya turubai, na mimi naandika. Tuseme usiku umekuwa mzuri, mauzo yamefika 600,000. Petroli, chakula cha kambini, ushuru na fedha ya matengenezo ya taa za sola vinakula 180,000. Zinabaki 420,000. Hizo zinapasuliwa katikati: 210,000 za tajiri, 210,000 za wavuvi wanne. Nahodha anachukua 60,000, wenzake watatu 50,000 kila mmoja. Tajiri usiku huo wote alikuwa kwake amelala, chandarua kimeshushwa.

Tangu nishike daftari sijamsikia kijana hata mmoja akiigombania ile 210,000. Ukimuuliza anakushangaa wewe: "Mwalimu, mtumbwi si wake? Injini si yake? Nyavu zikipotea ni mimi ninayenunua?" Kwake yameisha. Lakini giza lililopita nusura watu watoane macho kwa sababu ya lita tano za petroli. Mpwa wake tajiri alileta hesabu ya mafuta, nahodha akasema, "Hapana, nilimimina mwenyewe, lita tano hizi sikuziona." Lita tano kwa bei ya 3,000 ni 15,000. Mgao ukiwa nusu kwa nusu, wavuvi waliguswa kwa 7,500, yaani kwa wastani kila mmoja hata 2,000 haifiki. Kasia zikanyanyuliwa. Mpwa akakimbilia nyuma yangu, kana kwamba mimi ni ukuta. Na jioni ile mtumbwi haukutoka. Waliacha usiku mzima wa giza upite, wakijua wanapoteza 50,000 zao, kuliko kuingia majini na ile hesabu ya mafuta.

Basi angalia hapo. Pengo la 210,000 kwa 50,000 limepita bila neno, na kitu cha 2,000 kimezuia mtumbwi ufukweni. Watu hawapimi upana wa pengo, mama. Wanachunguza njia iliyolileta, na katika njia hiyo wanachunguza kile kipande wanachokiona. Petroli wanaiona, inamiminwa mbele yao. Fedha iliyonunua mtumbwi ilitoka wapi, hawakuwepo.

Simu uliyoniletea haikai bure, nimesoma humo kwamba jambo hili la kukataa hela kwa sababu ya uonevu wataalamu wamelifanyia majaribio. Mwaka 1982 Wajerumani walibuni mchezo: mmoja anapewa fedha apendekeze mgao, mwenzake anakubali au anakataa, na akikataa wote wanatoka mikono mitupu. Mtu anayejali tumbo peke yake angepokea hata senti moja. Hawapokei. Wanaopewa kidogo mno mara nyingi wanakataa, wanakosa wote. Baadaye, mwaka 2001, kundi la watafiti wakiongozwa na Joseph Henrich walitoa matokeo ya mchezo huohuo kutoka jamii 15 ndogondogo duniani, wakiwemo Wahadzabe wetu wa kule Eyasi. Kila jamii ilikuwa na kipimo chake cha haki. Waliotoa kwa ukarimu kuliko wote walikuwa wawindaji wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, waliowapa wenzao zaidi ya nusu kwa wastani. Hao wanatoka baharini mtumbwi mmoja watu wengi, na nyangumi akipatikana anakatwa kwa mafungu yanayojulikana tangu mababu. Sikushangaa. Mtu hujifunza haki kwenye kazi inayomlisha.

Babu yako alikuwa hivyohivyo na pamba. Kabla ya uhuru, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, ndio waliokuwa na vinu vya kuchambulia. Babu hakuwa na kinyongo na malori yao wala nyumba zao. Alikuwa akisema mwenye kinu lazima ale vizuri, kinu si jembe. Kilichomtoa machozi ni mzani. Unapeleka mzigo uliouinua mwenyewe, unaujua uzito wake mgongoni, unaambiwa ratili pungufu. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kupima upya pale pa kuuzia, na katika vuguvugu hilo kina Paul Bomani wakavikusanya vyama vya wakulima, hadi mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kushika ununuzi wa pamba ya kanda hii yote. Utajiri wa mwenye kinu ulikuwepo miaka na miaka na hakuna aliyeunda chama kwa ajili yake. Watu walitoka majumbani kwa sababu ya mzani.

Sasa utaniuliza, kwa nini basi njia ya mkurugenzi wenu wanaiona safi wakati hawakuiona kabisa? Hapo naingia kwenye kazi yangu mwenyewe ya chaki.

Nimefundisha darasa la pili na nimefundisha la saba. Viazi vya shamba la shule vikivunwa, ukiwaambia wadogo wagawane, wanahesabu kichwa kwa kichwa, hata yule aliyelala chini ya mwembe mpaka kengele anapata chake. Ukiwaambia wakubwa, mgao unageuka kesi. Nani alilima matuta mangapi, nani alijifanya mgonjwa, nani alikuja na jembe la kwao. Watafiti wa Norwei waliyaona hayohayo kwao na wakayatoa mwaka 2010: wengi wa watoto wa darasa la tano waligawa sawa kwa sawa bila kujali nani alizalisha nini, na kadiri watoto walivyokua ndivyo wengi zaidi walivyokubali aliyezalisha zaidi apate zaidi. Wao wanaliita hilo kukua. Mimi niliyekuwa mbele ya darasa nasema ni kukua na kufundishwa, na mwalimu ni sisi. Tuliwapanga paredi, tukasoma majina kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, wa kwanza akapigiwa makofi na kupewa daftari, wa mwisho akachekwa, na mwalimu mkuu akacheka pia. Kisha ukaja mtihani wa darasa la saba. Aliyechaguliwa alishonewa sare ya sekondari, asiyechaguliwa akarudi kwao akijua kosa ni lake. Mimi nilijua kwamba alikuwa anachungulia kitabu kimoja na wenzake watano, na kwamba kila asubuhi kabla ya kuja shule alikuwa ameshachota maji ziwani mara kadhaa. Yeye hakuliona hilo kama sababu. Aliona namba yake ubaoni.

Huyo mama wa korido zenu ninamjua, mama. Simjui jina, lakini alisimama kwenye paredi kama ile. Akisema "amesoma" hatoi maoni kuhusu mshahara. Anarudia hukumu aliyosomewa akiwa na miaka kumi na mitatu, na hukumu hiyo haikukatiwa rufaa.

Kuna na bahati. Watafiti walewale wa Norwei, katika kazi iliyochapishwa 2020, waliwapa watu wa kawaida wa Norwei na Marekani nafasi ya kuwa waamuzi. Kuna wafanyakazi wawili, mmoja amepata malipo yote, mwingine hana kitu, je wewe unagawaje? Wakiambiwa mmoja alipata kwa bahati nasibu, waamuzi wengi wanagawa upya. Wakiambiwa alizalisha zaidi, wengi wanamwachia fungu kubwa kuliko mwenzake, na Wamarekani wanaacha pengo kubwa zaidi ya Wanorwei. Kwa hiyo ukitaka pengo lako likubalike, kazi yako ni moja, bahati ionekane jasho.

Jirani yetu huyu ninayemshikia daftari ni mtu mwema, na ni mchapakazi, sitaki umwone vibaya. Mtumbwi wake wa kwanza aliununua kwa fedha ya kiwanja alichoachiwa na baba yake, kilichokuwa kichaka tu hadi lami ilipopita karibu. Ukimuuliza leo atakwambia, "Nilijituma." Ni kweli alijituma. Nahodha wake naye amejituma, ila baba yake aliacha mabati manne na deni dukani. Hadithi ikisimuliwa, kiwanja hakimo.

Na huku kwetu maelezo ya utajiri ni matatu, hayo uliyakuta ukiwa mdogo. Mtu kapata kwa jasho, au Mungu kampa riziki, au ana dawa. Mawili ya kwanza yanafunga mjadala. La tatu linaufungua vibaya, na kanda hii inajua lilikotufikisha, miaka ile ya 2007 na 2008 walipouawa watu wenye ualbino kwa imani kwamba viungo vyao huleta mali. Sitalirefusha hilo. Ninachosema ni kwamba watu wakikosa maelezo ya pengo hawakai bila maelezo.

Walio juu wao kulala kwao kunapatikana kirahisi. Mwaka 2019 kuna watafiti wa huko Marekani walichapisha jaribio la mchezo wa karata, wachezaji wanabadilishana kadi kwa sheria zilizopangwa kuwapendelea baadhi. Ulipokwisha, walioshinda ndio walioelekea kusema mchezo ulikuwa wa haki, hata pale ambapo sheria ndiyo iliyowabeba, na wakasifu ujuzi wao. Walioshindwa waliziona sheria. Usimlaumu sana mkurugenzi wako, akitazama alikotoka anaiona bidii yake, na bidii hiyo ilikuwepo kweli.

Linalonisumbua mimi zaidi ni la walio chini. Mvuvi atakwambia mwenyewe, "Sisi wavuvi hela haikai, tunakunywa." Anasema hivyo huku mwenzake pembeni anatuma 30,000 kwa mkewe Ukerewe kwa simu, na wote tunamwona. Zamani, mwaka 1966, Mmarekani Melvin Lerner na mwenzake Carolyn Simmons waliwaweka wanafunzi wamtazame mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme kila akikosea jibu. Yalikuwa maigizo, ila hawakujua. Waliopewa uwezo wa kumwondolea mateso walimwondolea. Wale wasioweza kumsaidia, wakimwona anaendelea kuumia bure, wakaanza kumtoa kasoro, kwamba hata yeye si mtu wa kupendeza sana. Lerner alisema tunahitaji kuamini kwamba dunia humpa mtu anachostahili, vinginevyo kesho inaweza kuwa zamu yetu. Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini omba omba wa stendi anaitwa mvivu na watu ambao wamekopa nauli.

Wala usidhani ni asili ya binadamu, kwamba hata iweje Mtanzania atasema "ni haki yake". Mimi nimeishi nyakati zote mbili. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akakasirikia mishahara ya wakubwa wote, akakata wake mwenyewe kwa asilimia 20 na ya maofisa wa juu pia. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Nilipoanza kufundisha, mtu mwenye nyumba tatu za kupangisha hakujisifu, alizungumza kwa sauti ya chini. Halafu mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kikalegeza masharti yale, na sauti zikapanda. Mwenzangu mmoja tuliyefundisha naye siasa, aliyekuwa akichora mnyonyaji ubaoni mwenye tumbo kubwa mpaka watoto wanapiga meza kwa kucheka, leo ana vyumba vya kupangisha Buzuruga na anasema wapangaji wake ni maskini kwa sababu hawataki kujituma. Tumbo nalo amelipata. Watu ni walewale, kilichobadilika ni maelezo yaliyo hewani.

Tena kuna tumaini, na hili usilidharau ukiwa umekaa kwenye kiyoyozi. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa foleni ya kivuko pale Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025? Magari yamesimama, jua kali, watoto wanalia. Mstari wa pembeni ukianza kusogea, mnafurahi hata nyinyi mliosimama, mnasema kivuko kimefika, zamu yetu inakuja. Ukisogea wa pembeni tu, tena na tena, na wenu umekufa, ndipo watu wanashuka kwenye magari kwenda kumtafuta askari. Mchumi Albert Hirschman aliandika jambo hili mwaka 1973, mfano wake ukiwa foleni ya magari ndani ya handaki. Pengo linapoanza kupanuka watu huweza kulifurahia, kwa sababu wanalisoma kama habari za kesho yao. Wale vijana wanne kila mmoja ana mtumbwi wake kichwani. Mmoja ameshaupa jina. Atakayeusema mgao wa tajiri vibaya anausema mgao wake wa baadaye. Nahodha, ambaye ana umri wa kutosha kujua kwamba hatanunua, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kasia siku ile ya petroli.

Nimekuachia la mwisho ambalo ni la kwako kabisa. Mwaka 2014 watafiti Sorapop Kiatpongsan na Michael Norton walichapisha uchunguzi wa nchi 40 kuhusu mishahara ya wakuu wa kampuni na vibarua wa kawaida. Wamarekani walipoulizwa wanadhani mkuu anapata mara ngapi ya kibarua, jibu la katikati lilikuwa mara 30. Walipoulizwa ingefaa iwe mara ngapi, wakasema kama mara 7. Hali halisi kwa makampuni makubwa ya kwao ilikuwa mara 354. Soma tena namba hizo taratibu. Hata lile pengo walilolidhania walikuwa wanaliona limezidi, na lililopo halikuwa limewapitia akilini.

Wewe umekuta miaka mitatu kwa mwezi mmoja, yaani mara 36. Hao kina mama walipokujibu "ni haki yake" walikuwa hawajaiona karatasi yako. Walikuwa wanaikubali namba iliyomo vichwani mwao, ambayo huenda ni mara tano, huenda kumi. Wewe ukachukua ridhaa waliyoitoa kwa namba yao ukaiweka juu ya namba ya kwenye kompyuta yako, ndiyo maana hesabu ikakataa na usingizi ukakimbia. Mimi mwenyewe uniulize nusu kwa nusu ya dagaa ni haki au si haki, nitakwambia nusu naiona kubwa kwa mtu aliyelala, na ningempa tajiri theluthi na fungu la injini. Lakini angalau mgao wetu unasomwa kwa sauti mbele ya wote, na mvuvi anayeukubali anakubali kitu alichokisikia.

Sasa la pili, unyamaze au useme.

Mishahara ya watu usiitoe. Ni siri uliyoapa kuitunza, na ukiitoa utafukuzwa wewe na mfagiaji atabaki palepale na ufagio wake. Lakini uliwahi kuniambia kwamba hao wa usafi si waajiriwa wenu, wanaletwa na kampuni nyingine kwa mkataba. Basi ankara ya kampuni hiyo inapita mezani kwenu. Tazama mnalipa kiasi gani kwa kichwa kimoja kwa mwezi, kisha ujue kinachomfikia mama mwenyewe ni kiasi gani. Na utazame makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wanaokatwa ni wengi, ila kukatwa na kufikishwa ni mambo mawili, na mwanachama anaweza kuangalia michango yake mwenyewe kwa simu kama kuna mtu wa kumwelekeza. Usiwaulize tena kama wanaona ni haki. Hilo swali lako lilikuwa la mtu aliyeshiba. Kaa nao kwa mama ntilie, vua hicho kitambulisho, waulize hela huingia tarehe ngapi, siku ya kuumwa inakatwaje, na sare alinunua nani. Ukikuta lita tano za petroli humo, utaona kama watasema "ni haki yake".

Na ukizikuta, andika. Mpelekee mkuu wako wa utumishi kwa maandishi, kwa lugha ya mkataba: kampuni tuliyoingia nayo mkataba haifikishi michango, na sisi kama mteja tutaulizwa. Usiandike neno haki hata mara moja. Andika tarehe na kiasi. Habari ya mshahara wa mkurugenzi iweke kando kwanza, hiyo haitatoka kwako peke yako wala mwaka huu, inahitaji watu wengi waione karatasi na si binti mmoja aliyekosa usingizi.

Mama yako hajambo, goti linamsumbua asubuhi tu. Dagaa wako nimewafunga kwenye mfuko wa kilo tano, wa kukaanga, hawana mchanga, wale wa kwenye chanja. Konda atakupigia akifika Dar, mpe ya soda. Ukishaiona ile ankara nipigie, lakini iwe jioni. Asubuhi hela ikiwa mezani sipokei simu.

Baba yako